Jazi Nyuma ya Ghala

Mama mkwe wa kiongozi wa bendi yetu alizijua nyimbo zake zote kwa moyo, na hakuwa amewahi kumwona akipiga hata mmoja. Kule kwake Tongaren redio ilivishwa kitambaa cha kufuma, na wimbo wa mkwewe ukianza, kila aliyekuwa ndani alinyamaza, hata mgeni. Lakini bendi ilipoalikwa kwenye harusi ya jirani yake, ua kwa ua, yeye alijifungia chumbani akaketi kando ya dirisha lililofungwa. Asiyejua angesema mama ana kiburi. Ilikuwa heshima tu.

Kwa Wabukusu, kabila lao, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuepukana. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja atakumbuka ghafla kwamba alikuwa na shughuli upande mwingine. Kucheza dansi mmoja akimtazama mwenzake ni aibu ambayo haitoki kwa sabuni. Na kazi ya kiongozi wetu, tangu ujana wake, ni kusimama mbele ya watu na gitaa tumboni akitingisha mabega na kiuno.

Mimi si Mbukusu. Wazazi wangu walitoka kule kati mwa Kenya wakanunua shamba Saboti, na mimi nilizaliwa kwenye baridi ya Mlima Elgon nikala mahindi ya Trans-Nzoia mpaka nikawa mwalimu. Kwetu pia mama mkwe huheshimiwa, lakini mama yangu huwatuma wakwe zake dukani bila wasiwasi, na kuna mmoja aliyemkanyagia jogoo kwa gari wakalichekea jambo hilo hadi Krismasi. Kwa hiyo nilipoingia katika bendi hii ya watu wa Bungoma, nikiwa mwanamke wa pekee na mgeni juu yake, nilidhani mambo ya kiongozi wetu na mama mkwe wake ni maigizo.

Nilijua si maigizo siku tulipokuwa tunashusha vyombo karibu na soko la Bungoma. Kiongozi wetu ni mzee mwenye mwili, na huwa hakimbii hata mvua. Siku hiyo alitupa kebo chini, akakumbatia gitaa lake, akatimua mbio hadi nyuma ya lori la mchanga. Nilidhani ameona askari wa kaunti.

“Mwarimu,” akaninong'oneza kutoka huko, maana kwenye ulimi wa watu wa Bungoma l na r hubadilishana viti wanavyotaka. “Ebu angaria kama ameenda.”

“Nani?”

“Mama. Mama ya bibi yangu.”

Nikaangalia. Mbele ya kibanda cha vitunguu palikuwa na mama mfupi amejifunga leso mbili, anabishana na muuzaji, hana habari na lori wala mchanga. Alipomaliza alipita njia ya mbali, na mpaka leo sijui kama kweli hakutuona au alituona akatuhurumia. Kiongozi wetu alitoka nyuma ya lori akiwa na mchanga kwenye kola, akaendelea na kebo yake.

Nikisema bendi yetu ni ya jazi, mtu asifikirie makubwa. Neno lenyewe limechorwa kwa rangi nyekundu kwenye ngoma kubwa, na lilikuwepo kabla sijaja. Upande huu wetu, bendi za zamani zilijiita jazi kama vile mikahawa inavyojiita hoteli, hakuna anayeuliza kitanda kiko wapi. Tunachopiga ni rumba, na vitu vya gitaa vya kwao Bungoma, na mimi napuliza saksafoni juu yake. Wakati mmoja, katika hoteli fulani ya Kitale, mgeni wa Nairobi aliyevaa kofia ya pama alituomba tupige jazi halisi. Tukaangaliana. Kiongozi wetu akaanza rumba ileile tuliyokuwa tumetoka kuipiga, ila polepole kama mtu anayeteremka ngazi na nyonga mbovu, nami nikafumba macho nikavuta sauti ndefu. Yule mgeni alipiga makofi mpaka soda yake ikamwagika. Tangu hapo najua kwamba sehemu kubwa ya jazi ni kufumba macho.

Saksafoni nilijifunzia katika bendi ya kanisa, nikiwa msichana. Baba aliiruhusu kwa sababu ilipuliza tenzi. Mama hakuweza kuivumilia ndani ya nyumba, alisema inamchachisha maziwa, kwa hiyo nilitumwa kufanyia mazoezi shambani katikati ya mahindi. Mahindi ni wasikilizaji wazuri. Hayanung'uniki, na ukikosea unasikika wewe na fuko tu. Nasema hivi kwa sababu jambo hili lilikuja kuniponza baadaye.

Watu hufikiri maisha ya mwanamuziki ni mataa na soda za bure. Maisha yetu sisi yanafuata mahindi. Wakati wa kupanda hakuna anayeoa, hakuna anayelipa mahari, hakuna anayefanya sherehe yoyote, na mwanamuziki huwa mkulima kama wengine. Mpiga besi wetu huendesha trekta la watu, na mpiga ngoma ana duka la kinyozi Kitale ambako hunyoa kwa mdundo, wateja wakilalamika kwamba kichwa kinatikisika. Kiongozi wetu analima kwake nje ya mji wa Bungoma, na wakati wa kupalilia huvaa soksi mikononi ili vidole visiote sugu mahali pasipotakiwa. Majirani walishazoea kumwona mzee mzima akishika jembe kwa soksi. Mimi nafundisha shule ya msingi, na likizo zangu zote ni za bendi. Mahindi yakishavunwa na kukauka, simu zinaanza kulia, na ingawa siku hizi nyingine zinakwenda kwa kijana mmoja mwenye kinanda kimoja kinachojipigia chenyewe ngoma, besi na kila kitu, hatujafa njaa. Nimeishi vizuri. Sitabadilishana na mtu.

Habari yenyewe ilianza mchana mmoja wa likizo ya Agosti, tukiwa tumekutana kwa kiongozi wetu kufanya mazoezi. Mke wake alileta chai, lakini badala ya kuondoka alibaki amesimama na sinia tupu.

“Mama anataka kufanya shukrani,” akasema.

“Vizuri,” mumewe akasema. “Nitatuma mbuzi.”

“Hataki mbuzi. Sikio ya kushoto imeenda kabisa. Na hii ya kulia, daktari amesema inafuata mwenzake. Anataka kusikia bendi kabla ifunge. Si kwa redio. Anataka ipigiwe kwake, kwa boma.”

Hakuna aliyegusa kikombe. Kiongozi wetu alianza kufuta gitaa lake kwa kitambaa, pahali ambapo palikuwa pasafi tayari.

“Hawa wataenda,” akasema hatimaye. “Mimi nitabaki.”

“Amesema ukibaki, bendi pia ibaki. Ati bila wewe ni kama chai bila majani.”

“Si uvae tu kofia kubwa, bana,” mpiga besi akasema.

“Kofia inaficha kiuno?”

Tulicheka, ila yeye hakucheka. Aliliweka gitaa chini, akasema mambo ambayo sikuwa nimewahi kumsikia akiyasema. Alipokuwa kijana hakuwa na kitu ila gitaa la mbao, na kwa mkewe hawakutaka kumpa msichana. Mabaraza yalikaa, wajomba wakaja, wote wakasema mtu wa gitaa atamlisha mtoto wetu nyuzi. Mama mtu ndiye aliyesimama akasema mikono ya huyu kijana haikai bure, mpeni. Ndipo wakanyamaza.

“Wakati huo hata baba yangu aliona niko na akiri ya mbuzi,” akasema. “Yule mama aliona mtu. Ningempigia mpaka nyuzi iishe. Lakini nikitingisha bega mbele yake ni kama nimemvua nguo mbele ya watoto. Sasa nifanye nini, Mwarimu?”

Sikuwa na jibu, na mwalimu asiye na jibu hujitolea kutumwa. Nikasema nitakwenda mimi na mkewe kumwona mama, tujue anataka nini hasa.

Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilibeba sukari, majani chai na mkate. Mama alinikalisha upande wake wa kulia, akaivuta leso nyuma ya sikio ili sauti ipate njia. Redio ilikuwa pale kwenye kabati na kitambaa chake. Siku hizi ni ile ya kuchomekwa flashi, na wajukuu walikuwa wamemjazia nyimbo zote za mkwewe, akawa hangoji tena kituo kikumbuke.

“Wewe ndio unapiga hiyo tarumbeta ya ledio?” akaniuliza.

“Ni saksafoni, mama.”

“Hiyo. Kuna mahari inalia kama ndama ameachwa.”

Nilijua mahali anaposema, na ni kweli inalia hivyo, na nimeipuliza hivyo makusudi miaka yote bila mtu yeyote kusema neno. Nilivimba kichwa nusura nisahau nilichotumwa. Nilipokumbuka, nilimweleza kwa upole kwamba mkwewe anamheshimu sana na ndiyo maana anaogopa.

“Na mimi nani amekwambia nataka kumuona?” akasema, amekasirika kidogo. “Akisimama hapo mbele, mimi ndio nitatoroka kwanza. Jicho ndio iko na aibu, Mwarimu. Sikio haina.”

Basi nikaelewa kwamba hawa wawili walikuwa upande mmoja, wote wanailinda heshima ileile kama watu wawili waliobeba kioo. Walichokosa ni njia tu. Nikatazama nje. Mlango ulielekea shamba lake, na mahindi yalikuwa yamepita kimo cha mtu, mabichi, yamesimama hadi karibu na uwanja ambako wangeweka tenti.

“Mama,” nikasema, “na tukipigia ndani ya mahindi?”

Alinitazama, kisha akacheka, meno machache aliyonayo yote yakaonekana. Mwanawe wa mwisho, ambaye ndiye aliyeyapanda na kuyapalilia, alikuwa mlangoni na hakucheka.

“Kata mahari watatosha,” mama akamwambia. “Mahindi ni ya kila mwaka.”

Nilirudi Kitale nimejaa sifa. Nilimpigia kiongozi wetu simu nikamweleza mpango: vijana wa pale watakata kiwanja kidogo ndani ya shamba, sisi tutakaa humo tusionekane, spika tutazitoa nje zielekee tenti. Mama atasikia kila kitu na hataona hata unywele. Akasema, “Mwarimu, wewe si mtu wa kawaida.” Nami nikakubali kwamba si mtu wa kawaida.

Siku ya shukrani tulifika mapema, umande haujakauka. Kama hujawahi kupanga bendi ndani ya mahindi, usitamani. Majani yanakata shingo, vumbi la mbelewele linaingia puani, na sisimizi walikuwa wameshapata habari ya amplifaya. Mpiga ngoma alisema kila akiinua fimbo anavuna. Kiongozi wetu alifika kwa kupitia shamba la jirani ili asikanyage uwanja, amevaa suti yake nyeupe ya jukwaani ambayo hakuna mtu angeiona, akasimama katikati ya mabua kama bwana harusi aliyepotea njia. Alikuwa anakaza nyuzi ambazo alikuwa ameshazikaza. Miaka yote nimepiga naye mbele ya wakubwa na wadogo, sikuwa nimemwona akiogopa.

Mchungaji alifungua kwa sala, kwaya ikaimba, mama akashukuru Mungu kwa macho, miguu, watoto, na sikio moja lililobaki. Kisha mchungaji akasema, huku akitazama mahindi kwa mashaka, kwamba sasa tutapata burudani safi. Jenereta likawashwa. Tukaanza.

Tulipiga vizuri. Naweza kusema hivyo bila kujisifu kwa sababu nilisikia watu wakipiga vigelegele, na kupitia kwenye mabua niliona vumbi likipanda uwanjani. Kiongozi wetu alitulia, vidole vikaachiliwa, akatingisha mabega yake yote kwa furaha kwa vile waliomwona ni sisi na mahindi. Nilifika mahali pa ndama nikalia kama ndama wawili. Nilikuwa na raha ambayo ni vigumu kuieleza. Kisha nikasogeza majani nimtazame mama.

Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha heshima chini ya tenti, mikono mapajani, ametulia. Wajukuu walikuwa wanamchezea mbele, naye anatikisa kichwa kwa adabu. Nimekaa kwenye mahafali mengi ya shule na naujua uso ule. Ni uso wa mtu anayesubiri hotuba iishe.

Wimbo ulipokwisha niliweka saksafoni chini nikazunguka nikamwendea. Nikainama upande wa kulia.

“Mama, unasikia?”

“Nasikia.”

“Iko sawa?”

“Iko sawa, Mwarimu. Asanteni sana.” Akanipapasa mkono, kana kwamba mimi ndiye wa kufarijiwa. “Ni ledio kubwa. Yangu ni ndogo, hii ni kubwa.”

Nilisimama pale nikatazama zile spika mbili nyeusi zilizomwelekea, na nyuma yazo ukuta wa mahindi, na nikaona nilichofanya. Sauti inatoka kwenye sanduku, mwenye sauti haonekani. Hiyo ndiyo redio. Tulikuwa tumekata mahindi ya watu, tumebeba vyombo kutoka Kitale na Bungoma, tukamletea mama mpaka nyumbani kitu alichokuwa nacho kabatini. Nilijikasirikia mpaka masikio yakawa moto. Kuna ujinga ambao hauwezi kufanywa na mtu mjinga, lazima apatikane mwalimu.

Nilirudi ndani ya mahindi nikawaambia. Mpiga besi akasema si tuongeze sauti. Kiongozi wetu akatikisa kichwa. Alichezea kifungo cha suti yake, na nilidhani atasema tufungashe.

“Zima jenereta,” akasema.

Lilipozimwa, ukimya ulikuja mkubwa kuliko nilivyotarajia, tukaanza kusikia kuku na watoto.

“Lile gitaa kavu liko ndani ya gari,” akamwambia mpiga ngoma. “Niletee. Mwarimu, wewe tafuta chupa ya soda, ile ya mbavu mbavu, na msumari. Hiyo tarumbeta yako iache ilale.”

Kati ya uwanja na shamba palikuwa na ghala la mahindi, lile la mbao zilizoachana ili upepo upite. Mwezi wa nane ghala huwa tupu, linangoja mavuno. Mkewe alielewa kabla hajaambiwa. Aliita wanawake wenzake, wakatundika magunia upande mzima wa ghala mpaka hapakubaki tundu la kuchungulia. Kisha akakichukua kiti cha mama akakiweka upande wa uwanjani, karibu kabisa, sikio la kulia likielekea gunia. Mchungaji, ambaye sasa alikuwa ameamka kwelikweli, aliwaambia watu wakae chini wanyamaze kama wanaombewa.

Kiongozi wetu alipita ndani ya mahindi, akatokea upande wa nyuma wa ghala, akaketi juu ya kinu kilichogeuzwa. Gitaa lake kavu, lile la mbao lisilo na umeme, ndilo alilokuja nalo Tongaren akiwa kijana. Lina ufa uliozibwa kwa nta. Mimi niliketi kwenye kona ya ghala na chupa yangu na msumari, mahali ambapo niliwaona wote wawili, yeye huku na mama kule, na kati yao magunia tu. Ni mimi peke yangu niliyekuwa na ruhusa ya kuona pande zote mbili, na hiyo ndiyo faida ya kuwa mgeni.

Alikohoa. Mama akageuka upesi.

Akaanza kulegeza na kukaza nyuzi, moja moja, akitafuta sauti. Mama alifungua mdomo kidogo. Redio haikupi hayo. Redio hukupa wimbo ukiwa umeshaoga na kuvaa. Sasa alikuwa anamsikia mtu akivuta pumzi, akiguna kwa sababu uzi wa tatu ni mkaidi, akijaribu mguu wake kwenye udongo. Aliinama mpaka leso yake ikagusa gunia.

Wimbo aliouanza ni ule wake wa kwanza kabisa kurekodi, kuhusu kijana anayetembea kwa mvua kwenda Tongaren kuomba mke, gitaa amelifunga kwa koti na yeye mwenyewe analowa. Nilikwaruza chupa kwa msumari, taratibu, nikijitahidi nisiharibu. Kwenye wimbo huo kuna mahali ambapo kina mama huitikia. Siku ya kurekodi waliimba wanawake wa kukodiwa kule Nairobi, na jukwaani huwa naitikia mimi, vibaya. Nikajiandaa.

Aliyeitikia ni mama. Sauti yake ilikuwa nyembamba, imekatika pembeni, lakini ilikaa mahali pake sawasawa, kama mtu aliyekuwa akiitikia pale pale kila siku akiwa anapepeta maharagwe. Nilimtazama kiongozi wetu. Alikuwa hajawahi kuisikia sauti hiyo ikiimba. Hakuacha kupiga, ila alikiinua kichwa akalitazama gunia lililo mbele yake, na macho yakaanza kujaa machozi.

Beti ya pili ni ya shukrani. Haimtaji mtu. Inasema tu kuna aliyesimama wakati wote walikuwa wameketi. Watu wameicheza harusini miaka yote wakidhani ni habari ya Mungu. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo mpaka mwezi ule. Alipofika pale, kidole kikateleza. Uzi ukalia vibaya, pakawa na shimo katikati ya wimbo, sauti yake ikakatika, kisha akashika tena akaendelea hadi mwisho. Huyu ni mtu ambaye hakosei. Nimepiga naye akiwa na homa, akiwa na msiba, na hakosei.

Wimbo ulipokwisha watu hawakupiga makofi, sijui kwa nini. Mama aliniita kwa kidole. Nikamwendea nikapiga magoti upande wa kulia.

“Amekosea,” akasema.

“Kidogo tu, mama. Ni lile gitaa, limezeeka, na hii baridi ya—”

“Wacha kumtetea.” Alijifuta uso wote kwa pembe ya leso, bila kujificha. “Ledio haijawahi kosea hapo. Hata siku moja. Sasa hiyo ni yeye.”

Nilirudi nyuma ya ghala na miguu myepesi kwa furaha. Kiongozi wetu alikuwa ameinamia gitaa, suti nyeupe imejaa vumbi la mahindi.

“Amesema nini?” akaniuliza.

“Amesema umekosea.”

Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikataka kumwekea mkono, kumbe ni kicheko, kikubwa, cha tumboni, kile anachokicheka tukiwa peke yetu barabarani. Kilipita katikati ya magunia kama kitu kisichojua mila. Upande wa pili mama akakisikia, naye akaanza kucheka, na wakacheka hivyo, kila mmoja ameketi kwake, mpaka watoto nao wakaambukizwa.

“Mwambie narudia,” akasema akijipangusa macho. “Kutoka mwanzo.”

Sikuhitaji kwenda. Nilisikia kiti kikiburutwa udongoni, mama anakisogeza karibu zaidi na gunia.